Mazungumzo Baada ya Habari: Ardhi Ndiyo Mwamuzi wa Kwanza

Mtu akisimama Area 47 hapa Lilongwe mwezi wa Oktoba, ataikuta ardhi imekauka ikawa kama tofali lililochomwa, na gari likipita katika njia ya udongo litaacha nyuma yake wingu la vumbi. Mtu huyo huyo akirudi mwezi wa Januari, akasimama pale pale, kiatu chake kitazama katika tope na kung'oka kwa shida. Wenzetu wa Dzaleka, katika Wilaya ya Dowa, ambao wengi wao wanayasikiliza mazungumzo haya kwa Kiswahili walichotoka nacho Kongo na Burundi, hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Tangu makazi yao yalipofunguliwa mwaka 1994, kila msimu wa mvua umewapa somo lile lile. Mahali ni pamoja, jina ni moja, ramani haikubadilika. Lakini ardhi ya Oktoba na ardhi ya Januari ni ardhi mbili.

Kwa kuanzia hapo, leo nataka tuzungumze juu ya mbio za farasi.

Najua yupo askari aliye lindoni ambaye sasa anajiuliza: sisi na farasi wa matajiri wapi na wapi? Hapa kwetu mchezo huo haujulikani na wengi. Hata hivyo, hauko mbali sana na sisi. Jijini Nairobi, kando ya Barabara ya Ngong, uko uwanja wa mbio za farasi uliofunguliwa mwaka 1954, na hapo hukimbiwa Derby ya Kenya katika umbali wa mita 2,400. Mji huo nao una masika yake na vuli yake, na farasi hukimbia juu ya majani yaliyoota katika udongo ule ule unaolowa na kukauka. Kwa hiyo wafunzaji wa farasi wa Ngong, kama wenzao wa Uingereza, Ufaransa na Australia, hutazama mawingu kwa makini kama mkulima wa mahindi.

Mbio ninazozisema ni zile za uwanja mtupu, ambazo farasi hawaruki viunzi. Mtu asiyezijua hudhani kwamba mshindi hupatikana kwa kasi peke yake: farasi mwepesi mbele, mzito nyuma, basi. Wazoefu hawasemi hivyo. Swali lao la kwanza asubuhi ya mashindano ni hili: ardhi leo ikoje?

Ndiyo maana Waingereza wameipangia hali ya uwanja ngazi zake, kutoka nzito iliyojaa maji, kisha laini, kisha nzuri, kisha ya kukaza, mpaka ngumu. Waaustralia hutumia namba, kutoka 1 hadi 10. Namba ikipanda, uwanja umezidi kulowa. Hayo si mapambo ya karatasi. Kila ngazi humpendelea farasi wa namna yake na kumwadhibu mwingine.

Tutazame sababu zake. Farasi wa mashindano ana uzito unaokaribia kilo 500, na anapopiga shoti hufika mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Katika mwendo huo upo wakati ambapo mguu mmoja tu ndio uliogusa chini, na mguu huo hubeba nguvu inayozidi mara mbili ya uzito wote wa mnyama. Ardhi ikiwa laini mno, kwato huzama, na farasi hulazimika kutumia nguvu mara mbili: mara ya kwanza kusukuma mbele, mara ya pili kuung'oa mguu. Mita 300 za mwisho humkuta amekwisha. Hapo farasi mwenye kasi hushindwa na farasi mwenye subira. Ardhi ikiwa ngumu mno, kasi huwapo, lakini pigo lote hurudi juu katika mifupa na kano za miguu ya mbele, na mguu uliovunjika uwanjani mara nyingi ndio mwisho wa uhai wa farasi. Ardhi inayotakiwa ni ile ya katikati, inayopokea kwato kidogo na kuirudisha.

Ndugu msikilizaji, sasa tupime maneno haya kwa saa. Kila mwaka, mwanzoni mwa Oktoba, huko Longchamp, mjini Paris, hukimbiwa mbio ziitwazo Prix de l'Arc de Triomphe, mita 2,400, ambazo ni miongoni mwa mbio kubwa kabisa duniani. Mwaka 2011 uwanja ulikuwa mkavu na mzuri, na farasi jike wa Ujerumani aitwaye Danedream alimaliza kwa dakika 2 na sekunde 24.49. Mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 7 Oktoba 2012, uwanja ule ule ulikuwa umenyeshewa ukawa mzito. Mshindi wa siku hiyo, farasi jike wa Ufaransa aitwaye Solemia, alitumia dakika 2 na sekunde 37.68. Tofauti ni sekunde 13. Kwa mwendo wa farasi hao, sekunde 13 ni zaidi ya mita 200. Mbio ni zile zile, umbali ni ule ule, na wote wawili walikuwa washindi.

Siku hiyo ya mwaka 2012 ina funzo jingine. Farasi aliyetazamiwa kushinda alikuwa Orfevre wa Japani. Katika sehemu ya mwisho aliwapita wote, na watu wengi wakadhani kazi imekwisha. Kisha akaanza kwenda upande, akaelekea kwenye uzio, na Solemia akamfuata taratibu, hatua kwa hatua, akampita karibu na mstari kwa urefu wa shingo. Wala Orfevre hakuwa mgeni wa uwanja uliolowa, kwani Derby ya Japani ya mwaka 2011 aliishinda katika mvua. Siwezi kusema kwamba ardhi peke yake ndiyo iliyomnyang'anya ushindi, maana farasi huyo alikuwa na ukaidi wake. Lakini wafunzaji husema, na ni kweli, kwamba tope la nyumbani si tope la ugenini. Aliyevuka mto wa kijijini kwao asidhani amevuka mito yote.

Basi, ikiwa ardhi ina uzito wa namna hii, ni nani mwenye dhamana ya kuisema? Katika kila uwanja yuko msimamizi ambaye kazi yake ni kuukagua alfajiri, kuupima na kutangaza hali yake kwa watu wote. Zamani aliichoma ardhi kwa fimbo yake ya kutembelea na kusikiliza mkono wake. Siku hizi Waingereza wana fimbo ya kielektroniki inayopima nguvu inayotakiwa kuichoma ardhi, na nguvu inayotakiwa kuivuta ndani ya udongo, kisha hutoa namba. Chombo kimebadilika, dhamana haikubadilika. Msimamizi akitangaza kwamba uwanja ni mzuri na kumbe ni mzito, amewadanganya wenye farasi, amewadanganya walioweka fedha zao, na zaidi ya yote amemhatarisha kijana aliyeketi juu ya farasi, ambaye hana namna ya kujua mpaka awe katikati ya mbio.

Tena upo udanganyifu wa ardhi yenyewe, ambao ni mbaya kuliko wa binadamu. Mwezi wa Septemba 1989, huko Doncaster, kaskazini mwa Uingereza, yalikuwa yameandaliwa mashindano ya St Leger, mbio za kale ambazo zilianza mwaka 1776. Uwanja ulikuwa wa majani ya kijani, wa kupendeza macho. Katika mbio zilizotangulia siku hizo, farasi wakaanza kuanguka wakiwa katika mwendo wa kasi, wapanda farasi wakaumia, na farasi akapotea. Ukaguzi ukaonyesha kwamba chini ya majani yale mazuri palikuwa na mashimo. Wakuu wa uwanja walikuwa na kila sababu ya kuendelea: tiketi zilikuwa zimeuzwa, heshima ya mji ilikuwa mezani, na historia ya zaidi ya miaka 200 ilikuwa nyuma yao. Walisimamisha mashindano. St Leger ya mwaka huo ikahamishiwa Ayr, ikawa mara ya kwanza kwa mbio za daraja hilo la juu kukimbiwa Uskochi, na farasi Michelozzo akashinda. Leo hakuna anayewalaumu waliosimamisha. Wangeendelea, huenda leo tungekuwa tunahesabu makaburi.

Hapo ndipo ninapotaka kuwafikisha nyinyi mlio katika jeshi na polisi. Katika kazi ya utii, neno gumu kuliko yote ni kumwambia mkubwa wako kwamba njia haipitiki. Askari huogopa kuitwa mwoga. Koplo hutazama daraja la magogo lililofunikwa na maji, akajua moyoni kwamba halifai, lakini ulimi wake ukasema, "Inawezekana, afande." Lori huingia mtoni na vijana kumi na wawili nyuma. Je, huo ni ushujaa?

Tazameni mfano wa farasi aitwaye Sea The Stars. Mwaka 2009 alishinda Derby ya Epsom, na mwishoni mwa Juni alitazamiwa kukimbia Derby ya Ireland, nyumbani kwao, mbele ya watu wake. Mvua ikanyesha, uwanja ukalainika, naye mfunzaji wake, John Oxx, akamwondoa. Walikuwapo walionung'unika. Siku chache baadaye, tarehe 4 Julai, farasi huyo akashinda mbio za Eclipse huko Sandown, na tarehe 4 Oktoba akashinda ile ya Paris niliyoitaja. Kama angelazimishwa kukimbia siku isiyo yake, pengine asingeiona Oktoba. Kuahirisha si kushindwa, ikiwa aliyeahirisha ameipima ardhi kwa haki na yuko tayari kurudi.

Hata makamanda wakubwa wamefundishwa jambo hili kwa gharama. Tarehe 18 Juni 1815, huko Waterloo, Napoleon aliamka akakuta mvua ya usiku imeigeuza ardhi kuwa matope. Mizinga ya magurudumu ilikuwa haisogei, na risasi zake zingezama badala ya kudunda na kupasua safu za adui. Akasubiri udongo ukauke kidogo, na mapigano yakaanza karibu na saa sita mchana. Saa hizo alizozitoa kwa matope ziliwafaa Waprusia, waliofika jioni na kuukata mzizi wa fitina. Wanahistoria wangali wanabishana kama alifanya vema kusubiri. Lakini hakuna anayebisha kwamba siku ile ardhi nayo ilikuwa na sauti katika baraza la vita.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mwezi wa Machi 2023, kimbunga Freddy kiliinyeshea kusini ya Malawi kwa siku kadhaa mfululizo. Milima iliyokuwa imesimama tangu enzi za mababu ikashiba maji, udongo ukaachia, na matope na mawe yakaporomokea nyumba za watu huko Blantyre, Mulanje na Phalombe. Zaidi ya watu 600 walipoteza maisha. Wanajeshi na polisi walikwenda kuokoa, wakichimba na kubeba, juu ya ardhi ambayo bado ilikuwa haijatulia. Wale waliokuwa huko wanajua maana ya kukanyaga mahali panapoonekana pagumu na kumbe ni patupu. Hawahitaji Doncaster kuwafundisha. Lakini wanaohitaji kufundishwa ni wale watakaotumwa safari ijayo, vijana ambao bado wanaamini kwamba nguvu za miguu zinatosha.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, funzo la mbio za farasi kwa mwenye silaha ni la mambo matatu. La kwanza, ipime ardhi ya leo, wala usitegemee kumbukumbu ya jana. La pili, unapotoa taarifa, sema kilichoko chini ya miguu, wala usiseme kile ambacho mkubwa wako angependa kusikia. La tatu, nawe uliye mkubwa, mjengee askari wako mdogo ujasiri wa kukuambia ukweli huo. Maana taarifa ya kweli haipatikani mahali ambapo msema kweli huadhibiwa.

Msimu wa mvua ukifika, yatakuwapo malori yatakayotoka Lilongwe usiku, na doria zitakazopita katika njia za udongo za Dowa. Dereva atafika mahali taa zake zitakapoonyesha maji yametanda barabarani, naye hajui kina chake. Ashuke. Akate fimbo, aichome ardhi mbele ya gari, asikilize mkono wake, kama alivyofanya msimamizi wa uwanja wa zamani. Itamgharimu dakika tano. Walioketi nyuma ya lori wana mama zao, wake zao na watoto wao, na hao watazikubali dakika tano hizo bila manung'uniko.