Kutafuta Jina Bila Kufungua Kabati

Mhadhara wa umma uliotolewa Chimala, Mbarali



Nimeombwa nizungumzie kampuni ndogo za programu za kompyuta na namna zinavyoweza kukua katika nyanda zetu hizi. Naomba nianzie dirisha la mapokezi.

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza mama yangu mdogo kwenye hospitali moja. Kadi yake ilikuwa imelowa mvua, namba haisomeki. Karani akauliza jina, akaingia chumba cha mafaili. Mlango aliuacha wazi, nami nikamwona: rafu zimefika darini, mafaili yamefungwa kwa kamba ya katani, yeye amepiga goti anapekua rafu ya chini kwa kidole alichokilowesha mate. Baada ya muda mrefu akarudi mikono mitupu, akafungua faili jipya. Katika faili la zamani kulikuwa na mstari wa wino mwekundu uliosema kwamba mama huyu anadhurika na dawa za salfa. Mstari huo haukuhamia faili jipya. Aliyeukumbuka ni mgonjwa mwenyewe.

Kuna jambo la pili ambalo nililiona baadaye. Kwa mlango ule ule ulioachwa wazi, sisi tuliokuwa kwenye foleni tulisoma majina yaliyoandikwa kwenye rafu ya kliniki ambayo watu huiendea kwa kujificha. Chumba kimoja, kwa dakika zile zile, kilimnyima mhudumu taarifa anayoihitaji na kikawapa wapita njia taarifa zisizowahusu. Tangu siku hiyo siamini kwamba kutafuta ni kazi ya fundi mmoja na kulinda ni kazi ya fundi mwingine.

Watu wa Afrika Mashariki si wageni wa kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta. Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kilianza kuandika wagonjwa wake kwenye kompyuta, kazi iliyofanywa na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na wenzao wa Indiana, Marekani. Mahitaji yalipoongezeka, mwaka 2004 wataalamu hao wakaanza kubuni mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uitwao OpenMRS, na mwaka 2006 mfumo huo ukawa unatumika Eldoret. Leo unatumika katika nchi nyingi duniani, nao ulizaliwa kwenye shida za kliniki za huku kwetu.

Sasa tazameni upande wa biashara. Mtunzi wa programu mmoja, Shay Banon, alikuwa London, mkewe akisomea upishi, akaanza kumtengenezea programu ya kutafuta ndani ya mapishi yake. Mwaka 2004 akatoa programu aliyoiita Compass. Mwaka 2010 akaiandika upya, akaiita Elasticsearch. Kampuni ikaanzishwa mwaka 2012, na mwaka 2018 hisa zake zikaanza kuuzwa katika soko la New York. Ni safari ya kutia moyo, na kijana yeyote aliyeko hapa aijue. Lakini kwa miaka mingi sehemu za usalama za programu hiyo zililipiwa, ilhali kutafuta kulikuwa bure. Wengi wakachukua cha bure, wakaweka taarifa za watu kwenye seva isiyo na hata nywila. Sehemu za msingi za usalama zilitolewa bure Mei 2019. Septemba mwaka huo huo ikabainika kwamba kumbukumbu zaidi ya milioni 20 za watu wa Ecuador, nchi ya watu wapatao milioni 17, zilikuwa wazi kwenye seva ya aina hiyo. Walikuwemo watoto, na walikuwemo marehemu.

Je, inawezekana kutafuta ndani ya kitu kilichofungwa? Mwaka 2000 watafiti watatu wa Berkeley, Dawn Song, David Wagner na Adrian Perrig, walionyesha kwamba inawezekana. Nitaeleza njia moja nyepesi kwa mfano wa hapa hapa. Mpunga ukipita mashineni unatoka mchele, na hakuna mashine inayorudisha mchele kuwa mpunga. Kuna hesabu inayofanya hivyo kwa jina: linaingia jina, inatoka alama ndefu isiyosomeka, na jina lile lile kwa ufunguo ule ule wa siri hutoa alama ile ile kila siku. Faharasa ya hospitali ikihifadhi alama tu, karani ataandika jina, mashine italikoboa, italinganisha alama na alama, kisha itamfungulia faili moja. Mwizi akiiba faharasa nzima bila ufunguo, amebeba pumba.

Hapo ndipo penye nafasi ya kampuni ya huku. Mashine hiyo haina huruma: herufi moja ikibadilika, alama nzima inabadilika. Na majina yetu yanaandikwa vipi? Lusajo hapa, Rusajo pale. Atupele kwenye kadi, Atupelye kwenye daftari la ushirika. Huwezi kusahihisha baada ya kukoboa. Lazima usawazishe jina kabla halijaingia mashineni. Wengi hukimbilia kanuni iitwayo Soundex, iliyoanzia Marekani mwaka 1918. Nimeijaribu kwa mkono, kwa kalamu na karatasi. Mwakalinga, Mwakalonge na Mwakalindile wote wanapata alama moja, M245, kana kwamba ni ukoo mmoja! Lusajo na Rusajo, ambao ni mtu mmoja, inawatenganisha, kwa sababu inashikilia herufi ya kwanza. Kanuni inayowafaa watu wa Usangu, Rungwe na Makete itaandikwa na mtu aliyekulia kwenye majina hayo, na atakayeiandika vizuri atakuwa na kitu ambacho kampuni kubwa ya mbali haina.

Jambo jingine analolijua mwenyeji: mvujishaji wa siri, katika mji kama huu, mara chache ni mdukuzi wa ng'ambo. Ni jirani mwenye nywila halali anayetaka kujua shemeji yake alipimwa nini. Kukoboa majina peke yake hakumzuii huyo. Kinachomzuia ni mfumo kuandika nani ametafuta jina gani, saa ngapi, na mgonjwa mwenyewe kuweza kuiona orodha hiyo. Ningekuwa mteja, ningeanza kwa kuulizia hilo kabla ya bei.

Wateja wapo. Sheria ya nchi yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Inampa pia mwananchi haki ya kuuliza taasisi inashikilia nini juu yake. Taasisi isiyoweza kutafuta haiwezi kumjibu. Saccos, ghala la mpunga, shule na zahanati vyote vimeingia humo, na vingi bado vinatumia madaftari.

Nimalizie kwa kurudi kwenye majina. Mwezi uliopita niliwaagiza wanafunzi wangu waandike jina la bibi zao kama linavyoonekana kwenye kila karatasi iliyoko nyumbani. Mmoja alileta Atupele kutoka kadi ya kliniki, Atupelye kutoka daftari la ushirika, Atupeli kutoka kadi ya mpiga kura, na Tupele kutoka risiti ya mbolea. Kanuni ya kusawazisha majina ambayo mimi na wanafunzi hao tulikuwa tumeiandika iliyaunganisha matatu ya kwanza. La nne, lililopoteza herufi yake ya mwanzo, lilibaki peke yake, na ndilo tunaloshughulika nalo wiki hii.