Ndama Ana Daftari, Mtoto Je?

(Mada iliyosomwa kwa niaba ya akina mama wa kambi za ranchi, katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi)

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti na viongozi wote wa kikundi,
Akina mama wenzetu, akina baba na marafiki mliokuja kutuunga mkono,

Miaka 10 si haba. Wenzetu waliotangulia kusema wameeleza vizuri habari za hisa, mikopo na marejesho. Sisi tumepewa sehemu ya malezi ya watoto wadogo hapa ranchini. Wapo watakaojiuliza, malezi na sanduku la akiba vinahusiana nini? Tunaomba mtuvumilie kidogo. Mwisho wa maneno yetu tunalo ombi, na ombi lenyewe linagusa sanduku.

Elimu tunayo tayari

Kila anayeishi kambini anajua mambo ya jioni. Ng'ombe wakirudi wanasimamishwa mlangoni mwa boma, wanahesabiwa mmoja mmoja wakiingia. Akipungua mmoja hakuna anayelala. Tochi zinawashwa, watu wanarudi porini kabla fisi hajawahi. Ndama akizaliwa anaandikwa daftarini: mama yake yupi, kazaliwa tarehe ngapi, jike au dume. Anavishwa hereni yenye namba. Siku ya josho inajulikana, siku ya chanjo inajulikana, na akichechemea tu, bwana mifugo kaitwa.

Hatulalamiki, jamani. Hiyo ndiyo kazi inayotulisha. Tunachosema ni kwamba mtu anayejua kumtunza ndama ana elimu kubwa mkononi. Basi elimu hiyo tuivushe uzio, tuilete nyumbani kwa watoto.

Tuanze na dang'a. Hakuna mchungaji hapa atakayekubali ndama anyimwe dang'a. Akizaliwa dhaifu, atanyanyuliwa na kushikwa mpaka anyonye, maana wote tunajua kwamba ndama aliyekosa maziwa yale ya kwanza, mazito na ya njano, huugua upesi. Sasa mbona katika baadhi ya nyumba bado mama aliyejifungua anaambiwa ayakamue ayamwage, eti ni machafu? Dang'a ya mama ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Apewe ndani ya saa ya kwanza. Na kwa miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu. Hata maji hapana, hata maziwa ya ng'ombe hapana, japokuwa tunaishi katikati ya ng'ombe. Baada ya hapo aanze vyakula vingine huku akiendelea kunyonya mpaka afike miaka 2 au zaidi.

Tuje kwenye chanjo. Mitamba ina siku yake ya kuchanjwa ugonjwa wa kutupa mimba, na siku ile haipiti. Mtoto naye ana siku zake: akizaliwa, akifika wiki 6, wiki 10 na wiki 14, kisha surua na rubella akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Hiyo ya miezi 18 ndiyo inayosahauliwa, kwa sababu mtoto keshatembea, anaonekana mzima, na njia ya kliniki ni ndefu. Kadi ya kliniki ndilo daftari la mtoto. Isiwe ya kufunikia mtungi!

Mambo matatu ya ranchini

Kulea kambini si sawa na kulea mjini. Yako mambo matatu yanayotuhusu sisi hasa.

La kwanza ni maziwa mabichi. Ng'ombe wa ranchi yetu ni Boran, ng'ombe wa nyama, na maziwa yao ni ya ndama. Lakini nyumbani hatukosi kikombe, kiwe cha ng'ombe wa kwetu au cha kununua kwa jirani. Mtoto hupewa yakiwa na povu lake, ya motomoto kutoka kiweleni. Tunajua ni matamu. Lakini ugonjwa unaomtupisha ng'ombe mimba humpata na binadamu kwa njia ya maziwa mabichi: homa za kuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo kuuma, mtu anatibiwa malaria na haponi. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita hapohapo. Dawa ni kuni mbili tatu tu. Maziwa yachemke mpaka yapande, ndipo yatoke motoni. Na ng'ombe akitupa mimba au akizaa, mtoto asiguse kondo wala kile kilichotoka. Mama mjamzito naye akae mbali.

La pili ni josho. Dawa ya kupe ni sumu. Tunaogeshea ng'ombe ili tuwakinge na ndigana, si kwamba ni maji ya kuchezea. Shimo la josho ni refu, kingo zake zinateleza, na mtoto wa miaka 3 hupenda kutupa vijiwe majini. Siku ya kuogesha watoto wabaki nyumbani na mtu mzima. Tena tunasema kwa sauti kubwa: dumu lililokuwa na dawa ya josho lisije jikoni. Lioshwe mara ngapi, bado si la maji, si la maziwa, si la mafuta ya taa. Dumu zuri lenye mfuniko mzuri linatamanisha, tunafahamu. Litobolewe, lizikwe. Ni afadhali ukope kwenye kikundi fedha ya ndoo.

La tatu ni nzi. Hapa Kongwa tunaijua trakoma, ugonjwa wa vikope, kuliko wilaya nyingi. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa macho wamekuwa wakifika katika vijiji vyetu. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya utafiti wao uliofanyika katika vijiji vya Kongwa: watoto ambao nyuso zao zilidumu kuwa safi walipungukiwa na trakoma kali. Ugonjwa huu humwanza mtoto kwa macho mekundu yenye tongotongo. Ukirudia rudia miaka mingi, kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho, mpaka mtu anapofuka akiwa mama mzima. Na wanawake ndio wanaopofuka zaidi, kwa sababu ndio wanaoshinda na watoto. Bibi zetu waliokuwa wakitembea na kibanio cha kung'olea kope shingoni tunawakumbuka.

Wengi husema nzi ni wa samadi, na maadamu tuko na ng'ombe hatuna la kufanya. Sivyo kabisa. Nzi yule anayependa macho huzaliana zaidi katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi kuliko katika samadi. Maana yake ni kwamba choo kinapunguza nzi hata kama boma liko palepale. Na kinyesi cha mtoto mdogo, ambacho tunakidharau, nacho kitupwe chooni. Kuhusu maji, tusiseme hayatoshi. Kuanzia Mei mpaka Novemba ndoo ya lita 20 ni mali, ni kweli, lakini uso wa mtoto hauhitaji ndoo. Kikombe kimoja kinatosha nyuso kadhaa. Kibuyu chirizi kikining'inizwa mlangoni mtoto wa miaka 4 ananawa mwenyewe, na anapenda.

Nani anabaki na mtoto?

Sasa, Ndugu Mgeni Rasmi, haya yote tuliyoyasema yanahitaji mtu wa kuyatenda. Tuulizane kwa upole: saa 12 asubuhi, baba akishatoka na ng'ombe, mama akienda majini, kuni, au shamba la uwele na alizeti, ni nani anayebaki na mtoto wa mwaka mmoja?

Jibu mnalijua. Ni dada yake, wa miaka 7 au 8. Ndiye anayemfunga mgongoni kwa khanga, ndiye anayekoroga uji, ndiye anayemfukuza asiende joshoni. Yeye mwenyewe mtoto. Akifika shuleni, amefika saa 4. Siku nyingine hafiki kabisa. Ada za shule za msingi zilifutwa mwaka 2001, na tunashukuru. Lakini kwa binti huyu ada haikuwa ndiyo kizuizi pekee. Kizuizi kiko mgongoni mwake, kinanyonya kidole.

Sisi wenyewe humu ndani tunajuana. Wako wanachama wenzetu wanaoweka dole gumba kwenye daftari la hisa kwa sababu utotoni walibaki kulea wadogo zao. Wana akili za biashara kutushinda wengi, lakini marejesho yao yanasomwa na mtu mwingine. Je, tunataka mabinti zao nao waje waweke dole gumba katika sherehe ya miaka 30?

Ombi letu

Tunaomba hivi. Kabla ya mgao wa mwaka huu, kila mwanachama akubali sehemu ndogo ya faida yake ibaki katika mfuko wa jamii, itengwe kwa ajili ya malezi. Kila kambi ichague mti wenye kivuli. Tuzungushie uzio wa miiba, kama tunavyowafanyia ndama wasiofuata kundi. Tununue mikeka, sufuria kubwa, vikombe, ndoo yenye mfuniko na madumu mapya ya kibuyu chirizi. Akina mama wawili wawili washike zamu kila siku, wawapikie watoto uji wa uwele wenye karanga zilizochambuliwa, zisizo na ukungu. Na liwepo daftari: jina la mtoto, jina la mama, amefika au hakufika, kliniki tarehe ngapi. Asiyefika aulizwe siku hiyohiyo. Ndipo dada yake atakuwa na nafasi ya kuwahi namba shuleni.

Tumesikia maneno yanayosemwa kisimani, tuyajibu hapa hadharani, maana ni maneno ya haki.

Wapo wanaosema, "Wangu wameshakua, kwa nini nichangie?" Mama, wako wamekua, lakini wajukuu je? Nyumba nyingi za kambi wanaolea ni bibi. Halafu, mkopaji asiyekimbizana na mtoto mchanga hufanya biashara yake kwa utulivu na kurejesha kwa wakati. Marejesho yakija kwa wakati faida ni ya wote, hata ya aliyekwisha kulea.

Wapo wanaosema, "Tusubiri tujenge jengo la maana." Tukumbuke ardhi hii tunayoikalia. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha hapa Kongwa mradi mkubwa wa karanga, wakaleta matrekta na mitambo ya kila namna. Udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji, mvua zikawa chache, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Sehemu ya ardhi ile ndiyo ikaja kuwa ya kulishia ng'ombe. Kikubwa kisichopimwa kwa mvua ya mahali hakidumu. Sisi tuanze na mti na mkeka. Jengo litakuja likikuta watoto wameshazoea kukaa pamoja.

Na wapo wanaosema, "Mtoto wangu nimwachie fulani? Simwamini." Hili ndilo zito, na hatulidharau. Lakini hebu tulitazame sanduku letu. Lina kufuli tatu. Funguo ziko katika nyumba tatu tofauti, na sanduku liko katika nyumba ya nne. Miaka 10 hakuna aliyelifungua peke yake. Hatukuaminiana siku ya kwanza. Tuliaminiana kwa sababu kila kitu kilihesabiwa mbele ya wote, kikaandikwa, kikasomwa kwa sauti. Malezi nayo yaende hivyohivyo: zamu ni ya wawili si ya mmoja, daftari linasomwa kila kikao, na mama yeyote anaruhusiwa kufika mtini wakati wowote bila kubisha hodi. Waliotunza fedha zetu miaka 10 watashindwaje kutunza watoto wetu kuanzia asubuhi mpaka mchana?

Akina baba, nanyi tusiwasahau. Miiba ya uzio mtatukatia ninyi. Shimo la choo mtachimba ninyi. Na jioni, mkishamaliza kuhesabu bomani, pitisheni macho na nyumbani: uso umenawishwa, kadi iko wapi, binti amekwenda shule leo? Hayo si maswali ya mama peke yake.

Mkutano ujao wa kikundi suala hili litapigiwa kura. Tunaomba kila mmoja aje akiwa ameshaongea na wa nyumbani kwake. Aliye na mkeka wa ziada aje nao, tutaandika jina lake. Wazee walisema mkono mmoja haulei mwana. Kikundi hiki kina mikono mingi, na mikono hiyo imekwisha zoea kufanya kazi pamoja.

Kikundi kidumu, na watoto wake wadumu.