Kidonge Kilichopimwa Busia

Mwaka 1998, shule 75 za msingi huko Busia, magharibi mwa Kenya, ziligawanywa makundi matatu. Moja lilianza kupewa dawa za minyoo. Mengine yalisubiri zamu. Watafiti walifika madarasani bila taarifa, wakaita majina na kuhesabu waliopo.

Walikuta utoro umepungua kwa robo.

Hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika, kwani mayai ya minyoo yalipungua udongoni. Huo ndio ushahidi unaostahili kuongoza sera! Serikali ilianza mpango wa kitaifa mwaka 2009. Miaka 20 baada ya utafiti, waliotibiwa kwa muda mrefu zaidi utotoni walikuwa na kipato cha saa kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 13.

Mzazi, siku ya dawa ikitangazwa, mtoto asibaki nyumbani.