Homa ya Mwenye Mrija

Msikilizaji, mgonjwa wa saratani anayeruhusiwa kurudi nyumbani na mrija kifuani ana mengi ya kukumbuka: tarehe ya kurudi, vidonge vya kichefuchefu, plasta isiyotakiwa kulowa. Lakini lipo moja linalopaswa kutangulia yote. Akipimwa joto likafika nyuzi 38, asimeze paracetamol akalala, asingoje kupambazuke, wala asiridhike akiambiwa ni malaria tu. Ninachosema leo ni kwamba agizo hilo ni zito mno kuachiwa mgonjwa na ndugu zake. Hospitali iliyomwekea mrija inawajibika kuhakikisha kwamba kituo cha afya cha kwao kinajua mrija huo upo, unafanya kazi gani, na mwenye nao akipata homa atibiwe vipi.

Mrija wenyewe hauwekwi kwa anasa. Wagonjwa wengi humaliza tibakemikali yao kwa kanula ya kawaida mkononi, na kwa dawa nyingine kanula inatosha kabisa. Lakini zipo dawa kama doxorubicin, ile nyekundu, na vincristine, ambazo zikivuja nje ya mshipa huua nyama na kuacha kidonda kinachoweza kuishia kwenye upasuaji. Tena mishipa midogo inayochomwa kila mara hukakamaa, ikafika siku muuguzi anapapasa mkono mzima bila kupata pa kuingilia. Ndiyo maana mrija huingizwa kwenye vena kubwa, ya shingoni, ya kifuani au ya mkono wa juu, ncha yake ikakaa karibu na moyo, ambako damu ni nyingi na inakwenda kasi, hivyo dawa inazimuliwa kabla haijaunguza chochote. Upo mrija unaojulikana kwa jina la daktari Robert Hickman wa Seattle, Marekani, aliyeutengeneza miaka ya 1970 kwa ajili ya wagonjwa wa kupandikizwa uboho. Mrija huo umewaokoa wengi. Ila njia inayofikisha dawa karibu na moyo hufikisha na bakteria.

Sasa tazama kalenda. Seli nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, kwa dawa nyingi hushuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Mgonjwa anayepata dozi kila baada ya wiki tatu, siku hizo zinamkuta wapi? Nyumbani. Siku anazokuwa kwenye kiti cha wodi, amezungukwa na wataalamu, ndizo siku zake za nafuu. Siku za hatari zinamkuta kwao, katika wilaya za mbali kama Newala au Kasulu. Na hatari yenyewe haijitangazi. Seli zikiwa chache, hata usaha unakosa wa kuutengeneza; ngozi inapoingilia mrija inaweza kuonekana safi huku damu imeshaingiliwa. Kinachobaki ni homa, au baridi ya ghafla na kutetemeka muda mfupi baada ya mrija kupitishwa maji ya chumvi. Kutetemeka huko kunafanana mno na kule tunakokujua tangu utotoni.

Hapo ndipo penye mtego. Katika ukanda wa pwani na wa Ziwa, mtu mwenye homa na kutetemeka hupimwa malaria, na ni sawa apimwe. Lakini kipimo kikionyesha malaria hakijathibitisha kwamba damu haina bakteria. Vyote viwili vinaweza kumpata mtu mmoja usiku mmoja. Mhudumu anayempa mgonjwa huyu dawa mseto ya malaria na kumruhusu arudi nyumbani hajazembea. Ametibu kama anavyowatibu wengine wote, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba huyu ni tofauti. Mwenye mrija na seli chache anahitaji dawa ya bakteria kwenye mshipa ndani ya saa moja tangu afike, kabla hata majibu ya maabara hayajarudi. Akicheleweshwa hadi asubuhi, presha inaweza kuwa imeshaporomoka.

Wapo watakaosema dawa ya haya yote ni vifaa bora zaidi. Hoja hiyo ina uzito. Utafiti wa CAVA, uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Lancet na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 1,000 nchini Uingereza, ulilinganisha mirija ya aina tatu. Kifaa kinachofukiwa chini ya ngozi ya kifua, poti, kilileta matatizo kwa asilimia 29 ya wagonjwa, ikilinganishwa na asilimia 43 ya wale waliowekewa mrija wa Hickman. Nchi inayoweza kununua poti na inunue. Ila hesabu hiyo isomwe yote: kifaa kilichoshinda, katika hospitali zenye maji, umeme na wauguzi, bado kilimsumbua zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya wanne. Kwa upande mwingine, jimbo la Michigan, Marekani, lilionyesha mwaka 2006 kwamba maambukizi ya mirija yanaweza kupungua kwa hadi asilimia 66 bila kugundua kifaa kipya: kunawa mikono, kujifunika vizuri, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, kuepuka vena ya kinena, na kuutoa mrija usiohitajika tena. Zile zilikuwa wodi za wagonjwa mahututi, nakubali, na nyumbani hakuna msimamizi wa kuweka vema kwenye orodha. Lakini zinatuonyesha kwamba utaratibu wa watu unaweza kufanya kazi ambayo tumezoea kuitarajia kwa mashine.

Pingamizi zito zaidi ni hili: mhudumu wa kituo kidogo hajafunzwa, akisukumwa na uoga au ujuaji atauharibu mrija. Ni kweli, na ndiyo sababu asiuguse. Dozi ya kwanza ya kupambana na bakteria inaweza kupita kwenye kanula ya mkononi, ambayo kuiweka anajua. Anachotakiwa kujua ni mambo yanayoenea kwenye kadi moja: mgonjwa ana mrija wa aina gani, dozi yake ya mwisho ilikuwa lini, homa ikifika 38 aanzishiwe dawa ipi na kwa kipimo gani, na namba ya wodi inayopokelewa hata saa nane za usiku. Wengine husema afadhali mgonjwa akae mjini hadi amalize. Nani atalipa pango la miezi sita, na nani atabaki na watoto na shamba? Ushauri huo unaokoa hospitali usumbufu kwa gharama ya ukoo mzima.

Na mgonjwa naye apewe ruhusa ya kusema. Kwetu mtu hujifunza mapema kunyamaza mbele ya koti jeupe, ilhali kifuniko cha mrija kinatakiwa kusuguliwa kwa spiriti kwa takriban sekunde 15, kisha kiachwe kikauke chenyewe, bila kupulizwa wala kupepewa. Mama akiuliza, “Samahani nesi, umeshakisugua?” asionekane mjeuri.

Hospitali za Ocean Road, Bugando na KCMC nchini Tanzania zinapokea wagonjwa kutoka mikoa ya mbali, na vivyo hivyo Kenyatta kule Nairobi na Taasisi ya Saratani ya Uganda mjini Kampala. Kadi ni karatasi na wino. Simu kwa mganga wa kituo cha kwao ni dakika chache, na ipigwe mgonjwa akiwa bado wodini, ili mganga huyo akiwa na swali aulize, na mgonjwa asikie kwa masikio yake kwamba huko anakokwenda anasubiriwa.