Onyo Lililopewa Mwaka Mzima



Tumeombwa tuzungumze juu ya taarifa za uchunguzi na faida yake. Tumeona ni vema tuwasimulie habari za helikopta mbili za aina moja, Sikorsky S-92. Moja ilitua salama. Nyingine haikuwahi kutua.

Kwanza tueleze jambo moja. Injini za helikopta hazizungushi pangaboi la juu moja kwa moja. Nguvu hupitia kwenye gia boksi, na gia boksi haiwezi kufanya kazi bila oili. Injini zinaweza kuwa nzima kabisa, lakini gia boksi ikikauka, gia husagika na safari huishia hapo.

Tarehe 2 Julai 2008, karibu na Broome, magharibi mwa Australia, helikopta ya kwanza ilipoteza oili ya gia boksi ikiwa angani. Marubani walitua kwa dharura nchi kavu na hakuna aliyepoteza maisha. Uchunguzi ukaonyesha chanzo: boliti za titani zinazoshika bakuli la filta ya oili. Kila filta ilipobadilishwa, nati zilifunguliwa na kukazwa tena. Meno yakalika, mkazo ukapungua, na nyufa ndogo zikaanza kukua.

Basi, ugonjwa ulijulikana na dawa pia ilijulikana. Novemba 2008 maelekezo ya ukaguzi wa boliti hizo yaliongezwa kwenye kitabu cha matengenezo. Tarehe 28 Januari 2009 mtengenezaji akatoa waraka kwamba boliti za titani zibadilishwe, ziwekwe za feleji. Muda uliotolewa ulikuwa mwaka mmoja au saa 1,250 za kuruka.

Siku 43 baadaye, tarehe 12 Machi 2009, helikopta ya pili iliondoka St. John's, Kanada, ikiwapeleka wafanyakazi kwenye mitambo ya mafuta baharini. Ndani walikuwemo watu 18. Boliti zake zilikuwa bado zile za titani. Wakiwa maili 54 za baharini kutoka uwanjani, boliti mbili kati ya tatu zilikatika na oili yote ikamwagika.

Marubani waligeuza, wakashuka hadi futi 800 na kuelekea nyumbani. Walitazama kipimo cha joto la oili, nacho hakikupanda. Walitegemea kwamba oili ikiisha, joto litapanda. Kumbe kipimo hicho hupima oili, na oili haikuwepo tena. Isitoshe, wengi katika kazi hiyo waliamini kwamba gia boksi ile ingeweza kwenda dakika 30 bila oili. Ilikwenda dakika 11 tu. Chombo kilipiga maji kwa nguvu, maili 35 kutoka uwanjani. Watu 17 walikufa, mmoja aliokolewa.

Ndugu wajumbe, dakika hizo 11 hazikuwa siri. Katika jaribio la mwaka 2002, gia boksi ya aina hiyo iliharibika baada ya muda kama huohuo. Mtengenezaji aliongeza vali ya kuzuia uvujaji kwenye kipozeo cha oili, kisha akategemea kifungu cha sheria kinachosamehe dakika 30 pale uvujaji unapohesabiwa kuwa wa nadra mno. Bakuli la filta halikuhesabiwa.

Bodi ya Usalama wa Usafiri ya Kanada ilitoa taarifa yake Februari 2011. Haikumtafuta mtu mmoja wa kumbebesha lawama. Iliorodhesha mambo kadhaa yaliyoungana: boliti, sheria, mafunzo ya marubani, na maelekezo ya ukaguzi ambayo kampuni iliyoendesha helikopta hiyo haikuyatekeleza ipasavyo. Lakini boliti za feleji hazikusubiri taarifa hiyo. Katika mwezi uleule wa ajali, mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza kwa dharura zibadilishwe kabla ya kuruka tena. Kazi iliyopewa mwaka mzima ikawezekana mara moja, baada ya mazishi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaongeza kwamba kuuona ufa na kuuandikia taarifa bado si kuuziba. Wale wa Australia walipotua salama, wengi wangesema ashukuriwe Mungu, yamepita. Hayakuwa yamepita. Kutua salama kulikuwa ni onyo, na onyo hilo halikufika kwa haraka kwenye mikono iliyoshika spana.

Kwa hiyo tunaziomba kamati zetu zifungue tena taarifa za ukaguzi zilizoko kabatini: za visima, za magari, za majengo ya shule na zahanati. Mbele ya kila pendekezo liandikwe jina la mhusika na tarehe ya kumaliza. Tena mjiulize, kwa nini tarehe hiyo na si wiki hii? Nanyi wafadhili wetu, mnapotuuliza tumejenga nini kipya, tunaomba mtuulize pia tumerekebisha nini.