Sahihi ya Nani, Mfuko wa Nani? Mkataba wa Wahadhiri na Neno la Serikali

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanaharakati na waumini mjini Kitale, kisha Bungoma



Tumeombwa tuzungumze juu ya mkataba wa wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma, nasi twajua fika kwamba wengine wenu mmefika hapa na hasira. Mzazi wa Endebess aliyeuza mahindi yaliyobaki ghalani ili mwanawe arudi chuoni Septemba 2025, kisha akasikia kwamba kijana amekaa siku 49 katika chumba cha kukodi bila kufundishwa huku kodi ikiendelea kulipwa, ana kila sababu ya kukasirika. Hatukuja kuizima hasira hiyo. Tumekuja kuuliza imwelekee nani.

Wahadhiri waligoma tangu tarehe 17 Septemba hadi tarehe 5 Novemba mwaka huo.  Dai lao kuu lilikuwa fedha za mkataba wa mwaka 2017 hadi 2021, mkataba ambao muda wake ulikuwa umekwisha miaka minne nyuma. Wazeni hilo kwanza. Mwanafunzi aliyeingia chuoni mwaka 2017 alikwisha kuhitimu, pengine ameoa na ana watoto, lakini aliyemfundisha alikuwa angali anadai ujira wa kumfundisha.

Wengi wa vijana waliomo humu hawakuwa wamezaliwa wakati jambo hili lilipoanza, kwa hiyo inatubidi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1980 utawala wa Rais Moi ulipiga marufuku chama cha wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na kile cha watumishi wa serikali. Katibu mkuu wa chama hicho, mwalimu wa sheria aitwaye Willy Mutunga, aliwekwa kizuizini mwaka 1982 bila kuhukumiwa. Huyo ndiye aliyekuja kuwa Jaji Mkuu mwaka 2011. Katika miaka hiyo Rais mwenyewe ndiye aliyekuwa chansela wa kila chuo kikuu cha umma. Mhadhiri aliyedai nyongeza alikuwa anabishana na mkuu wa dola uso kwa uso, hata kama hakukusudia.

Kisha yakaja mageuzi. Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa, na mwaka uliofuata watu wa Bungoma na Trans Nzoia wakajitokeza kwa wingi kupigia kura upinzani. Tulidhani mlango umefunguka. Mwishoni mwa Novemba 1993 wahadhiri wa vyuo vinne, Nairobi, Kenyatta, Moi na Egerton, wakaweka chaki chini wakitaka jambo moja la awali kabisa: chama chao, UASU, kisajiliwe ili wapate wa kuzungumza kwa niaba yao. Serikali ikakataa. Nchi iliyoruhusu vyama vingi vya siasa ikakikataa chama kimoja cha walimu. Mgomo ukaendelea kwa miezi mingi ndani ya mwaka 1994. Viongozi wake, akiwemo mwenyekiti Korwa Adar na katibu Kilemi Mwiria, wakafutwa kazi, na baadhi ya wahadhiri wakatolewa katika nyumba za vyuo pamoja na jamaa zao. Madaktari waliojaribu kusajili chama chao mwaka huo huo wa 1994 walikutana na jibu hilo hilo, nao wakangoja hadi 2011.

Twalisema hili kwa sababu mara nyingi historia ya vyama vingi husimuliwa kama habari ya wanasiasa tu: Masinde Muliro, Jaramogi, Wamalwa wetu wa hapa Kitale, ambaye naye alifundisha sheria Nairobi kabla ya kuingia bungeni. Hatuwapunguzii heshima yao. Lakini walikuwako pia watu waliopoteza mshahara, nyumba na cheo kwa sababu ya kudai haki ya kuketi mezani na mwajiri, na majina yao hayakuandikwa juu ya barabara yoyote.

UASU ilisajiliwa mwaka 2003, baada ya utawala wa KANU kuondoka. Rais Kibaki akauacha uchansela, akateua wengine. Kabla mwaka haujaisha wahadhiri waligoma tena, safari hii kwa ajili ya mshahara. Mmoja wa mawaziri wasaidizi wa elimu wakati huo alikuwa Kilemi Mwiria, yule yule aliyefukuzwa mwaka 1994. Hatusemi hayo kwa kumsuta. Kiti cha serikali kina mazingira yake, na mwenye kukikalia huiona hazina kwa jicho jingine.

Katiba ya 2010 ikafuata. Kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, ya kujiunga na chama na ya kugoma, na kinakipa chama haki ya kujadiliana na mwajiri kwa pamoja. Sheria ya mahusiano ya kazi ya mwaka 2007 nayo inasema kwamba mkataba wa pamoja ukishasajiliwa mahakamani ni lazima utekelezwe. Kwa maandishi, basi, kila alichofukuziwa Adar kimepatikana. Kwa nini tungali tunagoma?

Hapa twaomba mtuvumilie, maana hapa ndipo penye shina la tatizo.

Katika shamba la mahindi au kiwanda cha sukari, mwajiri anayeketi mezani ndiye mwenye mfuko. Akikubali, ajua atakachokitoa na atakapokitoa. Katika vyuo vya umma sivyo. Anayejadiliana na chama ni jukwaa la pamoja la mabaraza ya vyuo. Mabaraza hayo ndiyo yatiayo sahihi. Lakini kabla ya sahihi ni lazima tume ya mishahara, ile ijulikanayo kwa herufi SRC, itoe ushauri wake juu ya kiasi. Baada ya sahihi ni lazima Wizara ya Elimu iombe fedha, Hazina ikubali kuziweka katika makadirio, na Bunge lizipitishe. Kisha fedha zipelekwe kwa kila chuo, na chuo chenyewe, chenye madeni ya maji na ya umeme, kizitumie kwa kazi iliyokusudiwa na si nyingine. Hesabuni milango hiyo. Aliyetia sahihi hana fedha, na mwenye fedha hakutia sahihi. Mhadhiri akienda kwa baraza huambiwa fedha hazijatoka Nairobi. Akienda Nairobi huambiwa mwajiri wako ni baraza.

Matokeo yake ni haya. Mkataba wa 2013 hadi 2017 ulipatikana Machi 2017, miezi michache tu kabla ya muda wake kwisha, na ulihitaji mgomo wa siku 54 ndipo zitolewe shilingi bilioni 10 za vyama vyote vya wafanyakazi wa vyuo. Mkataba uliofuata ulileta mgomo wa 2018 uliopita siku 70, ukafika mahakamani, na mwaka 2025 ulikuwa ungali unadaiwa. Ule wa 2021 hadi 2025 ulikubaliwa Septemba 2024, baada ya mgomo, kwa nyongeza ya kati ya asilimia 7 na 10. Majuma machache baadaye wahadhiri wakarudi barabarani kwa sababu waliyoahidiwa hayakuonekana katika hati zao za mshahara. Kila mkataba umezaa migomo miwili, mmoja wa kuupata na mwingine wa kulipwa.

Na jambo lililotushangaza kuliko yote ni hesabu ya mwaka 2025. Chama kilisema deni ni shilingi bilioni 7.9. Upande wa serikali ukasema kilichobaki ni shilingi milioni 624. Ni mkataba mmoja, wenye karatasi moja, na pande mbili zinatofautiana kwa zaidi ya bilioni 7! Hata mama anayeuza mboga pale soko la Chwele hawezi kutofautiana hivyo na mteja wake wa mkopo, kwa kuwa ana daftari, na mteja huliona. Hatimaye serikali ilikubali deni linalozidi bilioni 7, ikaahidi kulilipa kwa mikupuo miwili, wa kwanza kabla ya mwaka 2025 kwisha na wa pili Julai 2026. Basi kama deni lilikuwapo tarehe 5 Novemba, lilikuwapo pia tarehe 16 Septemba. Zile siku 49 za wanafunzi zilinunua nini ambacho ukaguzi wa vitabu usingaliweza kukitoa?

Kuna methali inayotajwa kila mgomo unapotokea, ile ya tembo wawili na nyasi. Magazeti huipenda sana. Sisi hatuikubali katika jambo hili. Mhadhiri ambaye makato yake ya pensheni na ya chama cha akiba yameondolewa katika mshahara lakini hayakufika yalikopelekwa, kama wahadhiri wa vyuo kadhaa walivyolalamika, si tembo. Naye ni nyasi. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Moi, ambako watoto wengi wa Trans Nzoia husoma, kilifungwa mwezi wa Oktoba katikati ya mgomo wa aina hiyo, na vijana wakarudi nyumbani na masanduku yao bila kujua tarehe ya kurejea.

Twageukia kanisa. Tumesikia wengine wakiuliza mkataba wa maprofesa unahusu nini madhabahu. Ndugu zetu wa Bungoma, Chuo Kikuu cha Kibabii kilichopata hati yake mwaka 2015 kimesimama mahali ambapo jina lake lilijulikana kwanza kwa misheni. Elimu ya eneo hili ililelewa na makanisa, ya Kikatoliki na ya Marafiki na mengineyo, kabla serikali haijaichukua. Na wenye kuyasoma Maandiko wanajua Yakobo aliandika nini katika sura ya tano juu ya mwenye kuuzuia ujira wa aliyekwisha kufanya kazi. Hakuuliza kwanza kama mfanyakazi huyo ni mvunaji au ni daktari wa falsafa. Wakati wa ghasia za mwaka 1992 na 1993, makanisa ya Kitale hayakuwauliza waliokimbia makwao walipigia chama gani kura. Yaliandika majina, yakahesabu watu, yakagawa unga, yakasema waziwazi yaliyoonekana. Kazi ya kuandika na kuhesabu ndiyo tunayoiomba tena.

Lakini tusiwe watu wa upande mmoja. Chama cha wahadhiri nacho kina maswali ya kujibu. Mgomo unapokwisha, mafundisho ya majuma saba husukumwa ndani ya majuma matatu, mtihani hufanywa, na cheti hutolewa kana kwamba hakuna kilichopotea. Mwanafunzi tajiri ana kompyuta yake na vitabu vyake. Mtoto wa mkulima wa Kimilili anategemea sauti ya mwalimu darasani. Hati ya kurudi kazini hutaja fedha kwa makini na siku za masomo kwa haraka. Twataka iwe na ratiba ya kufidia masomo, yenye tarehe.

Tena kuna wahadhiri wa muda. Hawa hufundisha madarasa mengi katika vyuo vyetu, hulipwa kwa saa, wengine hungoja malipo mwaka mzima na zaidi, na mkataba tunaouzungumzia hauwagusi. Anafundisha Bungoma Jumatatu, Kakamega Jumatano, nauli kutoka mfukoni mwake. Chama kilichoteseka miaka ishirini na mitatu ili kisajiliwe hakiwezi kumwambia mtu huyu kwamba yuko nje ya mlango.

Basi tunaomba nini? Kwanza, kila baraza la chuo litangaze hadharani, kila robo ya mwaka, limepokea kiasi gani kwa ajili ya mkataba, limelipa kiasi gani na deni ni kiasi gani, na karatasi hiyo ibandikwe mahali ambapo mwanafunzi na mzazi wanaweza kuisoma. Pili, Hazina iketi mezani tangu siku ya kwanza ya majadiliano na itie sahihi pamoja na mabaraza, ili asiwepo tena wa kusema hakuwako. Tatu, wabunge wetu waulizwe kuhusu fungu hilo wakati makadirio yanaposomwa, si baada ya mgomo kuanza. Mbunge anayekuja kwenye harambee ya karo na bahasha mkononi aulizwe, palepale mbele ya watu, alipiga kura gani juu ya fedha za vyuo. Kwa maoni yetu swali hilo lina thamani kuliko bahasha.

Tumewaletea nakala za kifungu cha 41 na karatasi yenye safu nne: jina la chuo, muhula, siku zilizopotea, siku zilizofidiwa. Kila parokia na kila kanisa lichague watu wawili, mmoja mwanafunzi na mmoja mzazi, wa kuijaza. Karatasi za Kitale zirudishwe hapa mwisho wa mwezi, na za Bungoma siku nne baadaye, ndipo tuzilinganishe na zile za wizara.

Sasa tuko tayari kwa maswali. Twaomba wazazi waanze.