Njaa, Tuhuma na Uhai wa Wazee Wetu
(Mada iliyotolewa Maswa)



Kila bibi mzee auawapo kwa mapanga katika nchi yetu ya Usukuma, husemwa kuwa chanzo ni imani ya uchawi. Jibu hilo halitoshi. Imani hiyo ipo kila mwaka. Mbona mauaji huongezeka mwaka huu na kupungua mwaka ule?

Mchumi Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alilichunguza swali hilo kwa jirani zetu wa Meatu. Alikusanya habari za vijiji 67, akazilinganisha na vipimo vya mvua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Katika miaka ya ukame au mafuriko, mauaji ya watuhumiwa wa uchawi yalifikia kama mara mbili ya miaka mingine. Mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka. Waliouawa walikuwa karibu wote wanawake, wengi wao wa umri mkubwa na wa kaya maskini, na mara nyingi wauaji walikuwa jamaa zao.

Maana yake ni nini? Ghala likiwa tupu, kaya huamua, hata bila kutamka, nani ni mzigo. Tuhuma huupa uamuzi huo kisingizio. Macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe hugeuzwa ushahidi.

Mtafiti huyo huyo, katika makala ya mwaka 2004, alilinganisha Meatu na Busia ya Kenya. Kule Busia, mchanganyiko wa makabila ulidhoofisha michango ya shule, Meatu haukuidhoofisha. Alitaja siasa yetu ya kujenga taifa kuwa sababu. Basi sisi tuliojifunza kumwita mtu wa kabila jingine ndugu, twawezaje kumfanya mama wa nyumba yetu kuwa adui?

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, mvua ikiharibika, kamati za vijiji ziwafikie wajane na wazee mapema kwa chakula. Pili, tudai pensheni kwa wazee wote: Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa wenye miaka 70 na zaidi, na mzee mwenye fedha mkononi ni tegemeo la kaya. Tatu, tusinyamazie ramli. Kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa kisheria.

Tusingoje ukame ujao ndipo tukutane tena, tukiwa makaburini.